Hoteli ya pembeni kwa nusu bei: nilipe au niiache?

*"Nina mafunzo ya siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, kwenye mji mkubwa ambao sijawahi kufika. Darasa liko katikati ya mji, linaanza saa 2 asubuhi na kwisha saa 11 jioni. Ninasafiri na mama yangu. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, kwa hiyo atashinda hotelini, ila siku mbili angependa kuja mjini. Bei za hoteli za katikati zimenishinda. Nimepata moja iliyo kilomita 16 nje, bei yake ni nusu na kidogo, na tangazo linasema ni 'dakika 20 tu kutoka katikati ya mji'. Kaka yangu anasema kitu rahisi huwa ghali, na kwamba hoteli za bei hiyo ni kunguni na wezi watupu. Ndege yetu inatua saa 3 usiku siku ya Jumapili. Nilipe au niachane nayo?"*

Usilipe bado, ila usiifute pia. Swali lako lina mambo mawili yaliyofungwa kwenye furushi moja, na ni vizuri tuyafungue. La kwanza ni umbali, yaani kama hiyo nusu bei itabaki kuwa nusu bei ukishajumlisha nauli na saa za barabarani. La pili ni usalama na usafi wa chumba chenyewe. Kaka yako ameyachanganya. Kuhusu gharama anaweza kuwa amepatia, ingawa si kwa sababu aliyoitaja. Kuhusu kunguni amekosea kabisa.

Tuanze na kwa nini bei ni ndogo. Godoro, shuka, sabuni na mshahara wa mtu wa usafi havitofautiani sana kati ya katikati ya mji na pembeni. Kinachotofautiana sana ni ardhi au kodi ya jengo, na idadi ya watu wanaogombea vyumba. Kwa hiyo chumba cha nje ya mji kinaweza kuwa kikubwa zaidi na kipya zaidi kuliko cha katikati, na bado kikauzwa nusu. Hiyo ni bei ndogo ya mahali, na haina ubaya wowote. Ipo bei ndogo ya aina nyingine, ile ya mwenye hoteli aliyebana matumizi: zamu ya usiku ina mtu mmoja ambaye ndiye mlinzi na ndiye mapokezi, lifti imekufa tangu zamani, hita ya maji haijaguswa na fundi. Kuzitofautisha ni rahisi. Usiilinganishe hoteli yako na za katikati, ilinganishe na majirani zake walio mtaa ule ule. Majirani wakiwa na bei inayokaribiana na yake, basi unafaidi mahali. Wakiwa juu sana na yeye peke yake yuko chini, kuna kitu kimekatwa, na kazi yako ni kuuliza ni kipi. Nyota zilizo kwenye tangazo hazitakusaidia hapa, maana hakuna mfumo mmoja wa nyota kwa dunia nzima. Vigezo hutofautiana kati ya nchi na nchi, na tovuti nyingine hujipangia zenyewe.

Sasa hizo dakika 20. Kilomita 16 kwa dakika 20 ni mwendo wa kilomita 48 kwa saa, wastani, bila kusimama popote. Mwendo huo unapatikana usiku wa manane au alfajiri ya Jumapili, ndani ya gari dogo linalotoka mlango hadi mlango. Foleni ikishusha wastani hadi kilomita 20 kwa saa, safari ile ile ni dakika 48. Ikishuka hadi 15, ni dakika 64. Na huko ni kwa gari, bado hatujahesabu kusubiri basi wala kutembea.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawaling'amui: unasafiri na mkondo. Asubuhi wafanyakazi wa mji mzima wanatoka pembeni kwenda katikati, jioni wanarudi. Wewe mwenye darasa la saa 2 hadi saa 11 utakuwa ndani ya mkondo huo safari zote kumi. Mtalii anayetoka hotelini saa 4 asubuhi na kurudi saa 2 usiku anaweza kukaa hoteli hiyo hiyo na kuisifia usafiri wake, na akaandika maoni ya kweli kabisa ambayo kwako hayana kazi. Unaposoma maoni ya wageni, watafute waliokuja kikazi na wakakaa siku za kazi.

Hata zile kilomita 16 zikague. Tovuti za kutafutia hoteli mara nyingi hupima umbali kwa mstari mnyoofu kwenye ramani, na hicho wanachokiita katikati ya mji ni nukta waliyoichagua wao, huenda si lilipo darasa lako. Mto mmoja, reli moja au uwanja wa ndege ukikaa katikati, barabara inazunguka na kilomita zinaongezeka. Fungua ramani ya simu na uweke anwani kamili ya hoteli na anwani kamili ya darasa. Chagua muda wa kufika uwe saa 1 na dakika 45 asubuhi siku ya kazi, usiache iliyopo sasa hivi, kwa sababu pengine unaangalia ramani usiku umelala kitandani. Ramani itakupa muda wa chini na wa juu. Chukua wa juu. Kisha rudia kwa safari ya kurudi ukitoka saa 11 na robo jioni, halafu mara ya tatu ukitoka saa 3 usiku kwa usafiri wa umma. Hii ya tatu ndiyo inayokwambia kama basi au treni bado ipo baada ya darasa kuchelewa au baada ya chakula cha pamoja. Kama haipo, maana yake kila ukichelewa mjini utalipa teksi, na hilo liingie kwenye hesabu kabla hujasafiri.

Ukiona basi linapita kila nusu saa, usiseme utasubiri dakika chache. Ukifika kituoni bila kujua ratiba, utasubiri dakika 15 kwa wastani, na hapo ni kama mabasi yanakuja kwa nafasi sawa. Mabasi yakija mawili yameongozana na baada yake pengo refu, kama ilivyo kwenye foleni, wastani unapanda, kwa sababu watu wengi zaidi hufika kituoni ndani ya lile pengo refu kuliko ndani ya lile fupi. Safari yenye kubadilisha basi mara moja ina kusubiri mara mbili. Ndiyo maana hoteli ya kilomita 12 iliyo hatua chache kutoka kituo cha treni inayokwenda moja kwa moja inaishinda hoteli ya kilomita 6 inayohitaji mabasi mawili. Kilomita zisikuongoze sana. Tafuta njia moja isiyo na kubadilisha.

Angalia pia kipande cha mwisho, kutoka kituoni hadi mlango wa hoteli, maana hapo ndipo hoteli za nje ya mji huharibu. Nyingi zimejengwa kando ya barabara kuu. Asubuhi unapanda basi mbele ya geti, safi. Jioni basi linakushusha upande wa pili wa barabara ya njia sita, na kivuko cha karibu ni daraja la waenda kwa miguu lenye ngazi arobaini kupanda na arobaini kushuka. Kwako ni usumbufu mdogo. Kwa mama mwenye magoti mabovu safari imeishia hapo. Fungua picha za barabara kwenye ramani, simama kituoni kwa macho, tembea hadi getini: kuna njia ya miguu? Kuna taa? Kivuko kiko wapi? Mita 900 ni dakika 12 kwa mtu mzima wa afya, na mtu anayepumzisha goti anaweza kuhitaji mara mbili yake.

Tufanye hesabu sasa. Sijui bei zako, kwa hiyo tuseme usiku mmoja katikati ya mji ni 100, na hoteli yako ya pembeni ni 55. Siku tano ni 500 dhidi ya 275. Umeokoa 225, inapendeza. Asubuhi unapanda basi kwa 2. Jioni umechoka, giza linaingia, unachukua teksi kwa 15. Hiyo ni 17 kwa siku, 85 kwa siku tano, na akiba imebaki 140. Mama akija mjini siku mbili kwa teksi, kwenda na kurudi, ni safari nne za 15, yaani 60. Akiba ni 80. Sasa saa: tuseme kutoka hoteli ya katikati ungetembea dakika 10 hadi darasani, na kutoka pembeni ni dakika 60. Dakika 50 za ziada mara safari kumi ni dakika 500, yaani saa 8 na dakika 20. Umeuza saa zako kwa chini ya 10 kila moja, sehemu ya kumi ya bei ya usiku mmoja. Wapo watakaosema sawa. Ukiwa na nidhamu ya kupanda basi asubuhi na jioni, na mama asitoke, nauli ni 20 tu na akiba ni 205. Hoteli ni ile ile, ila tabia ya jioni ndiyo inayoamua kama imekufaa. Weka bei zako halisi kwenye mistari hii na uwe mkweli kuhusu teksi.

Kabla hujachagua kati ya hizo mbili, weka ya tatu mezani. Tafuta hoteli iliyo kilomita 5 hadi 7 kutoka darasani, ndani ya dakika 5 za kutembea hadi kituo cha njia inayofika moja kwa moja. Tuseme ni 70 kwa usiku. Siku tano ni 350, akiba 150. Safari yako ni ya dakika 25 na fupi kiasi kwamba hata jioni utapanda basi, kwa hiyo nauli ni 20. Teksi nne za mama, za 7 kila moja, ni 28. Akiba iliyobaki ni 102, na umepoteza saa mbili na nusu tu kwa wiki nzima. Kwenye mfano huu imeishinda ile ya mbali yenye teksi za jioni, kwa pesa na kwa muda pia. Haitakuwa hivyo kila mji, lakini hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu bei ya chumba hushuka haraka unapotoka kwenye kiini cha mji, na baada ya hapo hushuka polepole huku nauli ikiendelea kupanda.

Jambo lingine la bei: hoteli za katikati zinazotegemea wageni wa kikazi mara nyingi hujaa siku za kazi na kupunguza bei wikendi. Nyinyi mnafika Jumapili usiku. Angalia bei ya usiku huo peke yake karibu na darasa. Kulala mjini usiku wa kwanza, kisha kuhamia pembeni Jumatatu, ni njia inayofanya kazi kwa kijana mwenye begi moja. Kwa mama na mizigo, na wewe una darasa saa 2, singeifanya.

Na mama ndiye mgeni mkuu wa hoteli hiyo kuliko wewe. Wewe unakwenda kulala tu, yeye yupo saa kumi na mbili za mchana. Piga simu mapokezi na umuulizie yeye. Je, kuna chumba cha ghorofa ya chini, au lifti inayofanya kazi leo? Ukiuliza kama lifti ipo utajibiwa ipo. Bafuni kuna ukingo wa kuvuka, au beseni la kuingia kwa kuinua mguu? Choo ni cha kukaa? Chakula cha mchana kinapikwa hapo, au ni kifungua kinywa tu? Kama ni kifungua kinywa tu, kuna pa kula umbali wa kutembea bila kuvuka barabara kuu? Majibu ya maswali haya yanaweza kuiondoa hoteli kwenye orodha bila hata kufika kwenye nauli.

Haya, kunguni. Kunguni hafuati uchafu wala bei. Anafuata damu na joto la mtu aliyelala, na anasafiri kwenye mabegi. Hoteli ya kifahari yenye wageni wanaobadilika kila siku inaingiziwa kunguni kama gesti ya kawaida. Anayebanwa vizuri ni yule ambaye hoteli yake hukagua vyumba na kuita wataalamu mapema, na hilo halionekani kwenye bei. Kwa hiyo kagua mwenyewe, dakika tano, kabla hamjafungua mizigo. Mabegi yaweke bafuni juu ya vigae, si kitandani wala kwenye zulia. Washa tochi ya simu. Vuta shuka kwenye kona za upande wa kichwani, inua godoro, pitisha mwanga polepole kwenye mishono na ule utepe wa ukingoni. Kisha nyuma ya ubao wa kichwani, kwenye nyufa za kitanda na matundu ya skrubu. Kunguni mzima ana urefu wa milimita 5 hivi, bapa, rangi ya kahawia, unamwona bila shida. Ila utakachokiona mara nyingi zaidi ni alama zake: vitone vyeusi vilivyokusanyika kama vya kalamu ya wino, ambavyo vinasambaa ukivipangusa kwa kitambaa kibichi, maganda ya rangi ya maji ya chai, mayai meupe ya kama milimita 1. Ukiviona, usikubali kuhamishiwa chumba cha pembeni au cha juu yake, kwa sababu hupita kwenye nyufa za ukuta na njia za nyaya. Omba kilicho mbali, au ondokeni.

Mkishaumwa, haijathibitishwa kwamba kunguni huambukiza magonjwa. Tatizo ni mwasho, na kuwapeleka nyumbani. Dawa ya kupulizia haiwezi kuyafikia mayai yaliyojificha kwenye mishono ya begi, ila joto linafika. Nguo zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, au zizungushwe kwenye mashine ya kukaushia kwenye moto wa juu kwa dakika 30 zikiwa tayari zimekauka. Begi lisisogee chumba cha kulala mpaka umelikagua. Usingoje wafe njaa, maana mzima anaweza kukaa miezi bila kunyonya damu.

Wezi ni jambo fupi kuliko watu wanavyolifanya. Hatari kubwa ya hoteli ya bei nafuu si mtu kuvunja mlango usiku, ni funguo nyingi za chumba kimoja kuzunguka mikononi mwa watu. Kwa hiyo unachotaka ni komeo la ndani ambalo haliwezi kufunguliwa kwa ufunguo kutoka nje. Lijaribu: lifunge, vuta mlango kwa nguvu, tazama kama skrubu zimeshika mbao au zinacheza. Kama halipo, beba kabari ya mpira. Inafanya kazi kwa sababu mlango ukisukumwa kuja ndani unaipanda kabari na kuikandamiza sakafuni, ndivyo inavyozidi kuuma. Kwenye mlango unaofungukia nje haina kazi yoyote. Mchana hati za kusafiria na pesa zisibaki mezani, na mwambie mama asifungue kwa anayejitaja kuwa fundi mpaka apige simu mapokezi kuuliza. Akiulizwa namba ya chumba na mtu asiyemjua, asiitaje.

Kinachoua watu hotelini ni moto, umeme na moshi wa gesi, na hivyo ndivyo kaka yako alipaswa kuvitaja. Nitakaa hapa kidogo.

Kwenye majengo ya bei nafuu dirisha mara nyingi lina nondo za kuzuia wezi. Nondo zilizochomelewa zisizofunguka kwa ndani zinakubakizia mlango tu. Ukipata chumba cha aina hiyo chini, karibu kabisa na mlango wa kutokea, huenda nikasema kaa. Ghorofa ya nne mwisho wa korido, hapana. Siku ya kwanza toka chumbani, hesabu milango kwa mkono ukutani hadi kwenye ngazi za dharura, kisha usukume mlango wa ngazi hizo hadi nje. Usiutazame tu, usukume, maana milango hiyo hupigwa mnyororo usiku au ngazi zinajazwa magodoro ya zamani. Unahesabu kwa mkono kwa sababu kwenye moshi hutaona kitu. Kengele ikilia, gusa mlango kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto usiufungue. Ziba chini yake kwa taulo zilizolowa, jifungieni upande wa dirisha na piga simu ya zimamoto mtaje namba ya chumba. Ukiwa wa baridi, tokeni mkiinama, ufunguo mkononi ili muweze kurudi ikiwa njia imefungwa, na lifti msiiguse.

Bafuni tazama maji yanapashwa na nini. Kama ni hita ya umeme iliyo kwenye kichwa cha bomba la mvua, angalia nyaya zake. Zikiwa zimeungwa kwa utepe, zimeyeyuka au zina weusi wa kuungua, msioge kwa maji ya moto. Ukigusa bomba la chuma na kusikia mtekenyo, hata mdogo, huo ni umeme unaovuja na hauna njia salama ya kwenda ardhini. Toka kwenye maji, zima swichi ya hita kwa mkono mkavu, na uhame chumba. Usikubali kuambiwa kwamba ni kawaida, kwani unachotekenywa nacho ukiwa na viatu kinaweza kukuua ukiwa miguu peku ndani ya maji.

Kama ni hita ya gesi, iwe na bomba linalotoa moshi nje ya jengo, na bafu liwe na tundu la hewa lililo wazi. Wageni wa msimu wa baridi huziba tundu hilo kwa taulo, na hapo ndipo msiba unapoanza. Gesi isipoungua vizuri hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoshika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mwali wa bluu ni dalili njema. Mwali wa njano unaochezacheza na masizi ukutani ni dalili mbaya. Jenereta inayonguruma chini ya dirisha lako ni hatari ile ile. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na zikiwapata wawili kwa pamoja ndani ya chumba kimoja, msilaumu chakula: tokeni nje kwanza. Kuna vitambuzi vidogo vya hewa hiyo vinavyotumia betri na kuingia mfukoni. Kwa anayelala hoteli za bei nafuu mara kwa mara, hicho ndicho kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya kufuli.

Chumba kikiwa kimekaa siku nyingi bila mgeni, fungulia mabomba yote, baridi na moto, kwa dakika kadhaa na usimame nje ya bafu yakitiririka. Maji vuguvugu yaliyolala kwenye mabomba hufuga bakteria wa lejionela, wanaoingia mapafuni kwa ule mvuke wa matone, na mtu wa umri wa mama yako ana hatari kubwa kuliko wewe.

Kuhusu kufika usiku. Mkitua saa 3, mizigo na foleni ya hati vitawafikisha nje saa 4 au zaidi, na hotelini saa 5. Mapokezi ya hoteli ndogo yanaweza kuwa yamefungwa, au chumba kimeuzwa kwa mtu mwingine kwa kudhani hamji. Andikeni ujumbe siku mbili kabla mkitaja namba ya ndege na saa ya kufika, mpate jibu la maandishi kwamba mtu atakuwepo. Usafiri wa kutoka uwanjani upangwe kabla, kwa hoteli au teksi inayojulikana bei. Anwani ya hoteli na namba yake ya simu ziwe zimeandikwa kwenye karatasi, kwa sababu simu zitakuwa zimekaribia kuzima.

Na malipo: chagua bei inayoruhusu kughairi, hata ikiwa juu kidogo. Ile ya bei ya chini kabisa mara nyingi hairudishwi hata mkikuta chumba tofauti na picha. Soma mwisho wa kughairi ni saa ngapi, kwa saa za mji wa hoteli. Angalia kama kodi na ada zimo ndani ya bei au zinadaiwa mlangoni. Ukitoa kadi, uliza kama watazuia kiasi cha dhamana, kwani pesa hizo zinaweza kuchukua siku kadhaa kuachiwa baada ya kuondoka. Mkifika, ombeni kuona chumba kabla ya kusaini. Hoteli isiyotaka kuonyesha chumba imeshakujibu.

Kuna mambo ambayo kusoma hapa hakutoshi. Kama una mtu yeyote anayeishi mji huo, mwombe apite hotelini saa 1 usiku, si mchana, atazame taa za njia, kivuko na lifti. Nusu saa yake inazidi maoni mia ya wageni. Kuhusu magoti ya mama, daktari wake aseme kabla ya safari kama anaweza ngazi na anaweza kukaa garini saa nzima. Dalili za kaboni monoksidi zinahitaji hospitali hata kama zimepungua baada ya kutoka nje, na aliyepigwa na umeme apelekwe hata akisema yuko sawa. Kung'atwa na kunguni kukileta uvimbe wa uso au shida ya kupumua, ni dharura pia. Homa na kikohozi ndani ya wiki mbili baada ya safari, mwambie daktari kwamba mlilala hotelini.

Kwa kesi yako: tafuta leo hoteli tatu zilizo kwenye njia ya moja kwa moja, kilomita 5 hadi 7, na uziweke kwenye mistari ile ya hesabu pamoja na hii ya kilomita 16. Hii ya mbali ichukue tu ikiwa ina usafiri usiobadilisha, kituo kiko upande wa geti, chumba ni cha chini au lifti inafanya kazi, na mama ana pa kula. Moja ya hayo ikikosekana, achana nayo. Hata ikiyatimiza yote, lipia usiku mitatu kwanza kwa bei ya kughairi, kisha Jumanne jioni, ukiwa umeshapanda basi hilo mara nne, amua kuhusu usiku uliobaki.